Vitobo vya Msimu wa Baridi

Siku ya kwanza kazini nilivua viatu mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa mlangoni pa jengo, na hilo halikunishangaza, maana kwetu Morogoro mtu haingii ndani na viatu, na Waswidi nao ni hivyohivyo. Mara ya pili ilikuwa kwenye chumba kidogo chenye benchi katikati na mstari mwekundu sakafuni. Mama mmoja mrefu, mwenye nywele fupi za mvi, aliniambia nikae kwenye benchi, nivue viatu vya ndani nilivyopewa dakika tano zilizopita, nivushe miguu upande wa pili bila kuukanyaga mstari, kisha nivae viatu vingine vyeupe. "Ukikanyaga unaanza upya," akasema. Nikakanyaga. Nikaanza upya.

Mama huyo alikuwa Gunnel, Fundi Mkuu wa chumba safi, na ndiye aliyenifundisha kazi niliyoifanya kwa miaka ishirini na moja hadi nilipostaafu mwaka jana. Chumba safi ni chumba ambacho hewa yake huchujwa muda wote, ili hata vumbi lisiloonekana kwa macho lisikae humo. Ndani tulivaa ovaroli jeupe, kofia, barakoa na glavu, yakabaki macho tu. Taa zilikuwa za manjano, kwa sababu dawa tulizotumia huharibiwa na mwanga wa kawaida. Chini ya taa zile mimi na Gunnel tulikuwa na rangi moja, rangi ya mtu anayeumwa ini.

Kabla ya hapo nilikuwa nikifagia ofisi hapohapo Kista, mtaa ule wa maabara. Nilikuja Sweden kujifunza ufundi wa pampu katika kiwanda cha karatasi. Mafunzo yakaisha, nikawa nimeshaoa binti wa Kitanga niliyekutana naye hukuhuku, nikabaki. Kazi ni kazi, sikuona haya kushika ufagio, lakini siku moja nikipiga deki korido ya maabara nilisikia pampu ikikohoa nyuma ya ukuta, nikashindwa kujizuia. Nikabisha hodi. Aliyefungua alikuwa Håkan, Mkuu wa Maabara, mtu mwembamba aliyeongea polepole kama anayelipia kila neno.

"Pampu yenu inavuta hewa ya nje," nikamwambia. "Kuna mahali panavuja."

"Umejuaje?"

"Nimeisikia."

Akanitazama, akautazama ufagio wangu, akasema, "Jaha," neno ambalo Waswidi hulitumia kwa kila kitu. Miezi miwili baadaye nikaitwa kwa ajira ya majaribio ya miezi sita, kuanzia Septemba hadi mwisho wa Februari. Mke wangu, Mama Subira, alipika pilau. Ajira ya majaribio maana yake ni kwamba muda ukiisha wanaweza kukuambia asante, uende zako, bila maelezo mengi. Mwenzangu alikuwa akihudumia wazee majumbani, mtoto wetu Subira alikuwa na miaka minne, na mimi nilikuwa na arobaini na mitano, umri ambao mtu mgeni hapewi nafasi ya pili. Niliitaka kazi ile kuliko nilivyowahi kutaka kitu kingine.

Sasa niwaeleze mashine yenyewe, ninyi vijana mnaoniuliza kila siku nilikuwa nafanya nini mle ndani. Ni mashine ya kupaka kwa kuzungusha. Fikirini bakuli la chuma lenye mfuniko, na katikati yake kiti kidogo cha duara chenye tundu. Juu ya kiti unaweka kisahani chembamba, cha madini yaleyale yanayotengenezewa chip za simu, kinang'aa kama kioo. Pampu inavuta hewa kupitia lile tundu, kisahani kinanyonywa na kushikwa. Unadondosha dawa nzito kidogo katikati, unafunga mfuniko, mota inazunguka maelfu ya mara kwa dakika. Dawa inatawanyika hadi ukingoni, inayozidi inarushwa nje, na inayobaki ni utando mwembamba kuliko uzi wa buibui, ulio sawa pande zote. Juu ya utando huo watafiti huchora njia zao za umeme kwa mwanga. Utando ukiwa na kasoro, kila kinachofuata ni kazi bure.

Kasoro zina sura zake, na fundi huzisoma kama mganga anavyosoma ulimi wa mgonjwa. Ukiona alama yenye mkia, kama nyota inayoanguka, ujue kuna chembe ya vumbi. Ukiona mistari inayotoka katikati kwenda nje, dawa imekauka haraka mno, angalia feni ya kuvuta mvuke. Utando ukiwa mnene upande mmoja, mashine imelala upande, lete pimamaji. Na kisahani kikiruka na kupasukia ndani ya bakuli, basi hewa haikukishika. Hilo lilinipata wiki ya pili. Nilimimina dawa nyingi, ikavutwa na lile tundu, ikaziba njia ya hewa, na kisahani kilichofuata kikaruka kama kifuniko cha chungu. Nikaanza kuifungua mota. Gunnel akanishika mkono.

"Unaanza wapi?"

"Kwenye mota. Imetikisika."

"Mtu akianguka barabarani, unaanza kumpima macho? Anza na hewa."

Nikasafisha tundu kwa asetoni, nikabadilisha ringi ya mpira iliyolegea, mashine ikapona. Kuanzia siku hiyo utaratibu wangu haukubadilika: hewa kwanza, halafu usawa, halafu mwendo wa mota, halafu dawa yenyewe, mwisho hali ya chumba, joto na unyevu. Kila hatua unaiandika kwenye daftari kubwa la jalada jeusi lililokaa pembeni ya mashine. Daftari hilo lilikuwa na mila yake, na Gunnel aliilinda kama kadhi. Unaandika kilichotokea, ulichokikuta na ulichofanya. Jina la aliyekosea haliandikwi kamwe. "Humu hamna watu," alikuwa akisema. "Mna mashine tu."

Septemba na Oktoba zilikwenda vizuri. Novemba baridi ikaingia kwa nguvu, ile baridi kavu inayopasua midomo. Mama Subira akanitilia chupa ndogo ya losheni mfukoni mwa koti. "Baba Subira, usinitie aibu ukapauka mbele za wenye kazi," akasema. "Watasema una mke au una bawabu?" Basi asubuhi nilijipaka nyumbani Vårby gård, nikapanda treni nyekundu, nikabadilisha ya buluu, na nikishuka Kista najipaka tena mikono kabla ya kuingia, kwa sababu upepo wa pale kituoni ulikuwa haujui mkubwa wala mdogo.

Mwezi huohuo vitobo vikaanza.

Vilikuwa vidogo, vya duara, na havionekani vizuri bila hadubini. Dawa ilikuwa imejitenga na kuacha uwazi, kama maji yanavyokimbia tone la mafuta kwenye sufuria. Siku nyingine kisahani kina vitobo vitatu, siku nyingine thelathini. Nikaanza na hewa. Hewa nzima. Usawa mzuri. Mwendo sawasawa. Nikatupa chupa ya dawa, nikafungua mpya, vitobo vikabaki. Nikabadilisha chujio. Nikasafisha bakuli hadi Gunnel akaniuliza kama nataka kupikia wali humo. Nikiri kwamba mwanzoni nilifurahia. Napenda kitu kinachonishinda akili kwa siku mbili tatu. Hata kwenye treni nilikuwa nachora vitobo kwenye karatasi ya matangazo. Lakini Desemba ikapita, watafiti wakaanza kununa, na Håkan akaniita ofisini.

"Mashine hii ni ya kwako sasa," akasema. "Februari tutakaa tuzungumze. Ningependa tuwe na kitu kizuri cha kuzungumza."

Alisema kwa upole, ndiyo maana niliogopa zaidi. Nyumbani sikula. Mama Subira alikuwa ameshaanza kuulizia nyumba yenye chumba cha mtoto.

Katikati ya Januari Subira akashikwa na homa. Sheria ya hapa inamruhusu mzazi kubaki na mtoto mgonjwa, na mshahara haukatiki wote, kwa hiyo nikakaa nyumbani Jumanne, Jumatano na Alhamisi, nampikia uji na yeye ananijibu kwa Kiswidi kwamba hautaki. Ijumaa niliporudi nikalifungua daftari. Gunnel ndiye aliyeendesha mashine siku zile. Jumanne: safi. Jumatano: safi. Alhamisi: safi. Nilifurahi kama mtoto wa sikukuu. Mashine imepona! Nikaitayarisha, nikapaka kisahani cha kwanza, nikakipeleka kwenye hadubini. Vitobo kumi na tisa.

Gunnel alikuja akasimama nyuma yangu. "Mashine haijui leo ni siku gani," akasema. "Watu ndio wanaojua. Tafuta mtu."

Nikachukua karatasi, nikaandika majina ya wote wanaoingia chumba kile, na siku walizoingia. Wote walikuwepo siku zile tatu safi, isipokuwa mmoja. Nililitazama jina langu muda mrefu.

Hapo ndipo hofu na udadisi vilipogombana, na namshukuru Mungu udadisi ulikuwa na mbavu. Kama ni mimi, ni kitu gani changu? Jumatatu nikabadilisha sabuni ya kuogea. Vitobo. Jumanne nikabadilisha sweta na fulana. Vitobo. Jumatano nimeshuka Kista, nimeshatoa chupa ya losheni mfukoni, nimeifungua, nikasimama nayo katikati ya watu. Watu wakanipita kushoto na kulia. Mlangoni pa chumba safi kulikuwa na tangazo nililotia saini siku ya kwanza: marufuku vipodozi, manukato, dawa ya nywele. Nami vipodozi nilivijua, wanja, poda na rangi ya mdomo, mambo ya wanawake na harusi. Mafuta hayakunijia akilini hata kidogo. Kwetu mafuta si urembo. Mtu anaoga, anajifuta, anajipaka, ndiyo amemaliza kuoga. Nikairudisha chupa mfukoni, nikaenda msalani, nikanawa mikono na uso mara tatu.

Siku hiyo visahani vyote vilikuwa safi. Håkan alipita, akachungulia kwenye hadubini, akanipiga bega, jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwona akilifanya. "Umeitengeneza," akasema. "Sasa naweza kuwaandikia waliotuuzia dawa. Chupa zao ndizo zilizokuwa mbovu, sivyo?"

Nikasema, "Bado napima."

Alhamisi nikajipaka. Vitobo vikarudi. Ili moyo uridhike, nikafanya jaribio la mwisho. Nikavaa glavu kama nilivyozivaa siku zote, mkono wa mafuta ukiivuta glavu ya mkono wa pili kwa nje, na hapo nikaelewa mafuta yalivyokuwa yakihamia kwenye glavu, kutoka glavu kwenda kwenye kibano, kutoka kibano hadi kwenye kisahani. Nikakigusa kisahani kitupu kwa kidole kimoja, taratibu, karibu na ukingo. Nikakipaka dawa, nikakizungusha. Utando ukaenea kote, isipokuwa mahali pamoja. Pale dawa ilikuwa imekimbia, ikaacha umbo la ncha ya kidole changu.

Vijana, nitawaambia nilichohisi. Niliona aibu ya kunitoa machozi. Miaka yote ya Ulaya nilijitahidi kuwa msafi kuliko wasafi. Nilinyoosha shati, nilikata kucha, sikupanda treni bila kunukia vizuri. Sasa katika chumba kinachoitwa safi, uchafu uliotafutwa miezi mitatu ulikuwa mimi. Mwafrika pekee mle ndani. Na njia ya kutoka ilikuwa nyepesi mno: niache tu mafuta, ninyamaze. Håkan ameshanisifu. Februari ningetia saini. Waliouza dawa wangepata barua ya lawama, wangeomba radhi kwa kosa lisilo lao, na maisha yangeendelea.

Jioni nikamweleza Mama Subira. Alikuwa akisuka nywele za mtoto. Akacheka hadi kitana kikamdondoka.

"Kikulacho ki nguoni mwako," akasema. "Tena nimekutilia mwenyewe mfukoni!" Halafu akaacha kucheka, maana aliniona uso. "Sasa utawaambia?"

"Wakinifukuza je?"

"Usipowaambia, msimu ujao ataingia mwingine, Mganda, Mkongo, hata mwanangu huyu, amejipaka kama watu. Nani atamwambia?"

Mimi nilikuwa nafikiria Februari, mwenzangu anafikiria baridi ya mwakani.

Ijumaa nikaandika kwenye daftari, kwa mwandiko wangu mzuri: "Vitobo. Sababu: mafuta ya ngozi kwenye mikono ya fundi. Fundi ni mimi." Gunnel alisoma akiwa amesimama. Akachukua rula na kalamu, akayapiga mstari maneno matatu ya mwisho, mstari ulionyooka kabisa.

"Humu hamna watu," akasema. "Nimekwambia mara ngapi?"

Kisha akaniongoza kwa Håkan na kile kisahani kwenye boksi lake. Nilieleza yote, Kiswidi changu kikijikwaa kila hatua. Nikasema dawa haikuwa na kosa. Håkan akaenda kwenye hadubini, akakaa pale muda ambao kwangu ulikuwa mrefu kuliko miezi mitatu yote.

"Wengine wangeacha tu losheni," akasema hatimaye, bado ameinama.

"Ndiyo. Nilifikiria."

Akainuka. "Hiyo losheni, unaihitaji? Nataka kuelewa. Ni kama mimi na snus?"

Snus ni tumbaku wanayoibana chini ya mdomo. Nikamweleza kwamba losheni si starehe kama hiyo. Kwetu mtu aliyepauka ni mtu asiye na wa kumtazama. Watu humhurumia, na humlaumu mkewe. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kitu ambacho sikukitegemea. "Basi tunakuomba jambo kubwa kuliko tunavyowaomba wengine. Utaweza?"

Nikasema nitaweza. Februari nikatia saini ajira ya kudumu. Kwenye tangazo la mlangoni pakaongezwa mstari: marufuku mafuta na losheni ya aina yoyote, mikononi na usoni. Wageni wengi waliusoma wakadhani umekuwepo tangu mwanzo.

Baada ya hapo nilihudumu chini ya wakuu wanne. Gunnel alistaafu, nikawa Fundi Mkuu mimi. Kwa miaka mitatu nilipelekwa maabara ya wanafunzi katikati ya mji, ambako nilifundisha vijana wengi kuliko ninavyowakumbuka majina. Mashine zilibadilika, za mwisho zilikuwa na skrini na zilijidondoshea dawa zenyewe. Wanafunzi walipokwama walikimbilia kwenye skrini. Niliwaambia waanze na hewa, na wakimaliza hewa, usawa, mwendo, dawa na chumba, basi wakaoshe mikono waanze upya.

Lakini gharama ya mstari ule niliilipa kwa ngozi. Jumatatu hadi Ijumaa nilikuwa mkavu kama mkaa wa jana. Kwenye harusi za watu wetu kule Rinkeby akina mama walimtazama mke wangu kwa jicho la pembeni. Jirani yetu Déo, mzee wa Kirundi, hakuchoka: "Weye Baba Subira, mikono iko namna gani hiyo? Unafanya kazi ya chokaa?" Ijumaa jioni nilijipaka hadi nikang'aa, na Jumapili jioni nilisugua yote yatoke. Mama Subira alizoea, ingawa najua yale macho ya pembeni yalimuuma, na hakuwahi kunitupia neno hata siku moja.

Siku yangu ya mwisho kulikuwa na keki na kahawa, kama ilivyo ada ya hapa. Gunnel alikuja na fimbo yake, ana miaka themanini na zaidi. Akanipa boksi dogo la plastiki. Ndani mlikuwa na kile kisahani, kina alama ya kidole changu, alikuwa amekitunza miaka yote ile. Nilishindwa kutoa hotuba niliyoiandaa. Nilimkumbatia tu, na Waswidi wakatazama keki zao.

Watu huniuliza sasa kama naikosa kazi. Naikosa ile hali ya kutojua kitu asubuhi na kukijua jioni. Hata jikoni bomba likivuja nafurahi, hadi mke wangu anakasirika. Ila Jumatatu ya kwanza ya kustaafu niliamka saa kumi na moja na nusu kwa mazoea, nikaoga, nikakaa mezani mikono mitupu, sijui niende wapi. Nje theluji ilikuwa ikishuka. Mama Subira akatoka chumbani na chupa ya losheni, akavuta kiti, akakaa mbele yangu.

"Lete mikono."

"Leo Jumatatu," nikamwambia.

"Najua," akasema, akaanza kunipaka.